Galileo na Miezi ya Mshtarii

Usiku usio na mawingu, tazama angani. Baadhi ya nuru uzionazo si nyota bali ni sayari. Mojawapo ni Mshtarii, iliyo kubwa kupita sayari zote zinazolizunguka Jua. Sasa soma habari za mtu aliyeitazama kwa makini kuliko wote waliomtangulia.

Galileo Galilei alizaliwa mwaka 1564 katika mji wa Pisa, nchini Italia. Baba yake alitaka awe daktari, lakini yeye alipenda hesabu, akawa mwalimu wa somo hilo. Mwaka 1609 alisikia kuwa huko Uholanzi kimebuniwa chombo cha kuvuta karibu vitu vya mbali. Akasugua vioo kwa mikono yake, akajitengenezea darubini.

Mwezi wa Januari 1610 aliona vinyota vitatu kando ya Mshtarii. Usiku uliofuata vilikuwa vimebadili mahali. Akaendelea kutazama na kuchora, na kinyota cha nne kikaonekana. Ndipo akatambua kuwa hivyo ni miezi inayoizunguka Mshtarii. Basi si kila kitu angani kilichoizunguka Dunia, kama wengi walivyoamini.

Mwaka 1632 alitoa kitabu kilichotetea fikra kuwa Dunia hulizunguka Jua. Mwaka uliofuata alihukumiwa mjini Roma na baraza la Kanisa, akalazimishwa kuikana fikra hiyo. Tangu hapo alizuiliwa nyumbani. Macho yake yakapofuka, lakini hakuacha sayansi hadi alipofariki mwaka 1642.

Jina lake halikupotea. Mwaka 1989 Wamarekani walirusha chombo cha angani kisicho na mtu ndani yake, wakakiita Galileo. Kilipita karibu na Zuhura mara moja na Dunia mara mbili, ili uvutano wa sayari hizo ukiongezee mwendo. Kilifika Mshtarii mwaka 1995, kikaipiga picha miezi ile kwa karibu. Katika mwezi uitwao Europa, wataalamu walipata dalili za bahari ya chumvi chini ya barafu. Mwaka 2003 walikiongoza chombo kiangukie ndani ya Mshtarii, kisije kikauchafua mwezi huo.

Fanya hivi: Tazama Mwezi wetu kila usiku kwa muda wa wiki mbili. Chora umbo lake na uandike tarehe. Je, umegundua mabadiliko gani?