Binet na Mkono Uliotiliwa Shaka

Wanafunzi wa ualimu hulikariri jina la Alfred Binet kwa sababu moja tu, nayo ni kipimo cha akili. Kwa maoni yangu, tunaowafunza tunaianza hadithi mwishoni. Atakaye kumzoeza mwanasaikolojia chipukizi kufikiri kisayansi yafaa aanze na fedheha iliyompata Binet ujanani.

Binet alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1857. Alisomea sheria, kisha akajifunza saikolojia mwenyewe katika maktaba ya taifa mjini Paris. Katika miaka ya 1880 alifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière chini ya Jean-Martin Charcot, daktari aliyesifika Ulaya nzima. Huko, yeye na Charles Féré walitangaza kwamba sumaku iliweza kuhamisha kupooza kwa mgonjwa aliyetiwa katika usingizi wa hipnosisi, kutoka upande mmoja wa mwili hadi wa pili. Joseph Delboeuf, msomi wa Ubelgiji, alikwenda kushuhudia. Akaona kuwa sumaku ilitumiwa waziwazi na matokeo yaliyotarajiwa yalitajwa mgonjwa akisikia. Aliporudia majaribio kwa tahadhari, nguvu ya sumaku ikatoweka. Kumbe kilichotenda kazi kilikuwa ushawishi! Binet alibisha kwa muda, lakini hatimaye akakiri hadharani.

Fedheha hiyo aliigeuza kuwa somo. Akiwa katika maabara ya Sorbonne, alichunguza jinsi maswali ya mtu mzima yanavyoyapotosha majibu ya watoto, na mwaka 1900 akachapisha kitabu juu ya suala hilo. Wakati uo huo alikuwa akipima vichwa vya wanafunzi, maana wasomi wengi wa enzi hiyo waliamini kwamba kichwa kikubwa ni dalili ya akili nyingi. Tofauti alizozipata zilikuwa ndogo mno. Isitoshe, alihofia kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa ukiegemea jibu alilolitarajia. Akarudia kupima na kulinganisha vipimo vyake na vya mwenzake, Théodore Simon.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume kuhusu watoto waliolemewa na masomo ya kawaida. Mwaka uliofuata, Binet na Simon walitoa kipimo chao mashuhuri. Kilikusudiwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada, wala si kumpiga chapa ya ujinga wa kudumu. Binet alifariki mwaka 1911. Baadaye, nchini Marekani, Henry Goddard na wenziwe walikigeuza kipimo hicho kuwa hukumu juu ya akili ya kurithi, kinyume na maonyo ya mtunzi wake.

Mimi ni mwanaisimu, na hatari hii naijua vyema. Mwanafunzi wangu akimwuliza mzee wa kijijini kama neno fulani hutamkwa hivi, aghalabu atajibiwa ndiyo kwa adabu tu, naye atarudi chuoni akidhani amepata data.

Kwa hivyo, mhadhiri wa saikolojia asiwape wanafunzi alama za mtihani wa akili wazifasiri kabla hawajauliza nani alipima, alitarajia nini, na mpimwa alidokezewa nini. Wengi wao kesho watakuwa walimu, na maneno watakayoyaandika katika ripoti ya mtoto mmoja huenda yakamfuata maisha yake yote.