Sayyid Barghash na nduguye Salme

Sayyid Barghash bin Said anakumbukwa zaidi kwa Beit al-Ajaib aliyoijenga mwaka 1883, na kwa maji ya bomba aliyowaletea watu wa mjini Unguja. Ya nyumbani kwake hayasemwi sana.

Baba yao, Sayyid Said, alifariki baharini mwaka 1856. Dola ikagawanyika: Thuwaini akabaki na Oman, Majid akashika Zanzibar. Barghash, aliyezaliwa na suria wa Kihabeshi, hakuridhika, na mwaka 1859 akamwasi Majid. Mwandishi wa barua zake za siri alikuwa dada yake mdogo Salme, binti wa miaka 15, aliyejifundisha kuandika mwenyewe zama ambazo mabinti waliishia kusoma tu. Uasi ukashindwa, Barghash akahamishiwa Bombay.

Mwaka 1866 Salme alitoroka akiwa mjamzito. Mwaka uliofuata, huko Aden, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Mume akafa mwaka 1870, mwaka uleule Barghash aliporithi kiti.

Agosti 1885 mjane huyo akarudi Unguja akifuatana na manowari za Wajerumani, akidai mirathi. Barghash akakataa hata kumwona. Ni kuritadi, au ni zile manowari? Nadhani yote mawili. Na manowari hazikuja kwa ajili ya mjane. Wajerumani walitaka bara. Mwaka 1886 wakagawana na Waingereza, Barghash akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Madai yake juu ya njia za misafara, mpaka huku kwetu Ziwa Tanganyika, yakatupwa.

Alifariki Machi 1888. Salme alifia Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg.