Jan Ingenhousz: Tabibu aliyetenganisha mwanga na joto la jua

Katika kiangazi cha mwaka 1779, tabibu mmoja kutoka Uholanzi alikodi nyumba nje kidogo ya London na, kwa muda usiozidi miezi mitatu, akafanya majaribio zaidi ya 500 juu ya majani ya mimea.

Jan Ingenhousz alitaka kujua ni kitu gani hasa katika jua kinachoyawezesha majani kuisafisha hewa: mwanga wake au joto lake.

Alizaliwa mjini Breda mwaka 1730. Katika miaka ya 1760 alihamia Uingereza, akapata sifa kwa kuwachanja watu dhidi ya ndui. Chanjo ya siku hizo ilikuwa ya hatari: mtu mwenye afya alitiwa usaha wa mgonjwa kwenye ngozi, na baadhi walikufa.

Mwaka 1768 alipelekwa Vienna kuichanja familia ya Malkia Maria Theresa, ambayo ndui ilikuwa imekwisha kuua kadhaa miongoni mwao. Kazi hiyo ilifanikiwa, naye akafanywa tabibu wa kasri na kupewa malipo ya maisha.

Wakati huo, Mwingereza Joseph Priestley alikuwa ameonyesha kwamba mnanaa huirejesha hewa iliyoharibiwa na mshumaa. Hata hivyo, jaribio hilo mara lilifaulu, mara lilishindwa.

Ingenhousz aliyazamisha majani ndani ya maji na kuchunguza viputo vya hewa. Kwenye mwanga wa jua viputo vilitoka kwa wingi; gizani vilikoma. Joto pekee, bila ya mwanga, halikutosha. Alibaini pia kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani tu, na kwamba usiku mimea huichafua hewa kidogo.

Kitabu chake kilichapishwa London mwaka huohuo, na kikazua mvutano kati yake na Priestley kuhusu nani aliyestahili sifa.

Ingenhousz alifariki mwaka 1799 huko Bowood, Wiltshire, akiwa na umri wa miaka 68, mbali na Vienna alikomwacha mkewe.

Suala la joto lilisubiri hadi mwaka 1905, pale Frederick Blackman, mzaliwa wa London, alipoeleza kuwa mwanga ukiwa hafifu, kuongeza joto hakusaidii sana. Lakini mwanga ukiwa mwingi, joto huharakisha usanisinuru hadi kufikia kikomo fulani.

Kikomo hicho wakulima wa machungwa wa Muheza, mkoani Tanga, wanakiishi kila msimu wa jua kali. Saa sita mchana mwanga hutosheleza, lakini jani la mchungwa likipata joto kupita kiasi hufunga vitundu vyake ili kuhifadhi maji, na utengenezaji wa chakula hupungua.