Munganga Moloney, shahidi wa Bunkeya

Katika kampi zetu za mugodi, hata mutoto mudogo anajua jina la Mufalme Msiri. Lakini jina la munganga aliyekuwa Bunkeya siku Msiri alipouawa, wachache wanalijua. Aliitwa Joseph Augustus Moloney.

Alizaliwa Newry, inchi ya Ireland, mwaka wa 1858. Alisoma Dublin, kisha akajifunza uganga London, akamaliza 1886. Alifungua kazi kusini mwa London, lakini kukaa pahali pamoja hakukumupendeza. Alikuwa mutu wa kuwinda na kutembea. 1890 alienda Morocco.

Wakati ule Mufalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa na haraka. Cecil Rhodes naye alitaka Katanga, na Alfred Sharpe alikuwa amefika kwa Msiri na karatasi ya Waingereza, Msiri akaikataa. Njo Kampani ya Katanga ikatuma Kapteni Stairs. Wazungu walikuwa watano tu: Stairs, Bodson, Bonchamps, Robinson na Moloney, munganga wao. Wengine, zaidi ya 300, walikuwa wapagazi na askari, wengi wao watu wa Zanzibar na pwani. Mupagazi alibeba muzigo wa karibu kilo 30, kila siku, kwa miguu. Ninyi munaoshuka chini ya udongo, hamuna lazima ya kuelezwa hiyo ni kazi gani.

Waliondoka Bagamoyo mwezi wa saba 1891, wakavuka ziwa Tanganyika, wakavuka na Luapula yetu hii, wakafika Bunkeya tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili. Tarehe 19 Stairs alipandisha bendera bila Msiri kukubali. Kesho yake Bodson alienda kumukamata. Msiri akapigwa risasi, akafa, na Bodson naye akapigwa, akafa. Mambo yakamalizika kwa siku moja, na bendera ikabaki. Mukanda Bantu, mutoto wa Msiri, akapewa kutawala inchi iliyopunguzwa.

Kisha ikaja njaa. Watu walikuwa wamekimbia, mashamba hayana kitu, mvua inanyesha. Wapagazi walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa tumbo tupu. Stairs akalala mugonjwa, Bonchamps vilevile. Munganga ndiye akabaki mukubwa wa kazi, akaongoza wazima na kutunza wagonjwa. Kwangu mimi wa sendika, hapa njo pagumu: mikono ileile ilitoa dawa na ilishika bunduki ya kampani.

Mwanzo wa 1892 wakaanza kurudi kwa njia ya Nyasa na Zambezi. Stairs alifia Chinde, karibu na bahari, mwezi wa sita. Wapagazi na askari waliofika Zanzibar hawakufika 200. Majina ya wazungu watano tunayajua. Ya waliobaki porini, hapana.

Moloney aliandika kitabu juu ya safari ile, kikatoka London 1893. Mwaka wa 1895 akarudi Afrika, safari hii kuongoza watu wa kampani ya Waingereza, North Charterland, upande wa Zambia ya leo. Yaani alitumikia pande zote mbili za mupaka. Alikufa New Malden, karibu na London, tarehe 5 mwezi wa kumi 1896, na miaka 38. Union Minière ilizaliwa miaka kumi nyuma yake.