Gunpei Yokoi: Fundi wa Game Boy na michezo iliyobaki mikononi mwa wenyewe

Nintendo ya Japani ilipotoa mashine yake mpya ya michezo, Switch 2, tarehe 5 Juni 2025, wateja wengi waliuliza mambo mawili kabla hata ya kuuliza habari za picha. Je, michezo waliyoinunua kwa ajili ya Switch ya kwanza itachezeka humu? Na kile kikadi kilichomo kwenye kasha, kina mchezo wenyewe au hakina?

Jibu la kwanza liliwatuliza, kwani kadi nyingi za zamani zinaingia na kucheza. Jibu la pili liliwaudhi baadhi yao. Sehemu ya kadi mpya ni ufunguo tu: mchezo unaupakua kwa intaneti, na kadi lazima iwe ndani ya mashine kila unapotaka kucheza.

Tumeona huu ni wakati mzuri wa kumkumbuka mtu ambaye kazi yake iliwazoesha watu kudai majibu hayo.

Gunpei Yokoi alizaliwa Kyoto tarehe 10 Septemba 1941. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, mjini humohumo, na mwaka 1965 akaajiriwa Nintendo, ambayo enzi hizo ilijulikana kwa kutengeneza karata. Kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo ya kiwandani isiharibike. Katika kujiburudisha alijiundia mkono wa kuchezea, unaorefuka na kujikunja kama mkasi na kudaka kitu kilicho mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akauona. Kwingine fundi angeweza kupewa barua ya onyo. Yokoi aliambiwa autengeneze uuzwe. Uliingia sokoni mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Yokoi hakurudi tena kwenye mitambo ya karata.

Msimamo wake wa kazi ulikuwa wa kifundi hasa. Hakukimbilia teknolojia mpya. Alipenda ile iliyozoeleka, ambayo bei yake imeshuka na udhaifu wake unajulikana, kisha akaitafutia matumizi ambayo wengine hawakuyafikiria. Inasimuliwa kwamba siku moja ndani ya treni ya mwendokasi alimwona abiria akipoteza muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Vioo vya vikokotoo wakati huo vilikuwa vimeshakuwa rahisi. Mwaka 1980 akatoa Game & Watch, kifaa cha kuingia mfukoni chenye mchezo na saa, na vifaa vya aina hiyo vikauzwa zaidi ya milioni 43. Kitufe chenye umbo la msalaba, ambacho leo tunakikuta kwenye mashine nyingi za michezo, kilianzia kwenye kimojawapo cha mwaka 1982.

Lakini Game & Watch ilikuwa na kasoro ambayo mzazi yeyote angeiona haraka. Kifaa na mchezo vilikuwa kitu kimoja. Mtoto akiuchoka mchezo, unanunua kifaa kingine kizima.

Game Boy, iliyotoka Japani tarehe 21 Aprili 1989, iliondoa adha hiyo. Kaseti za michezo zilikuwapo tayari kwenye mashine za sebuleni. Yokoi na wenzake waliziweka kwenye mashine ya mkononi. Ndani ya kila kaseti mlikuwa na chipu iliyobeba mchezo mzima. Hakukuwa na kujisajili wala kuomba ruhusa kwa mtu. Unaichomeka, unawasha, unacheza; ukimaliza unamwazima jirani, au unaiuza. Kioo chake hakikuwa na rangi, na wapinzani wake, Atari Lynx na Sega Game Gear, walikuwa nazo. Ila wao walikula betri sita ndogo kwa saa chache, na Game Boy ilitosheka na nne kwa muda mrefu zaidi. Soko likachagua betri.

Yokoi alianguka pia. Virtual Boy ya mwaka 1995, yenye picha nyekundu kwenye giza, iliuzwa chini ya laki nane na ikaondolewa sokoni mapema. Watu walilalamika kuumwa kichwa na macho. Sisi tungeongeza jambo moja: haikupokea kaseti za Game Boy, na hakuna mashine nyingine ya Nintendo inayopokea kaseti zake. Aliyenunua alibaki na vitu viwili visivyooana na chochote.

Mwaka 1996 Yokoi aliacha kazi Nintendo na kuanzisha kampuni yake, Koto, ambako alisaidia kubuni WonderSwan, mashine ya kampuni ya Bandai iliyotumia betri moja tu. Hakuiona ikitoka mwaka 1999. Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa kwenye barabara kuu ya Hokuriku, akashuka kuangalia gari baada ya ajali, na gari jingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Kaseti zake zilimzidi umri. Game Boy Color ya mwaka 1998 ilizipokea na hata kuzitia rangi kidogo. Game Boy Advance ya mwaka 2001 ilibeba ndani yake prosesa ya kuzichezesha, na swichi ndogo iliyotambua umbo la kaseti. Mchezo wa mwaka 1989 ulichezeka bila kununuliwa upya.

Kaseti nazo si za milele. Nyingi zina betri ndogo ya kuhifadhi pale mchezaji alipofikia, na ikifa, kumbukumbu hiyo hupotea. Mchezo wenyewe hubaki, na fundi mwenye chuma cha kuchomelea anaweza kuweka betri nyingine.

Kadi za ufunguo unaweza kuziazima na kuziuza, na hapo zimeushinda mchezo ulionunuliwa mtandaoni. Kinachobaki ni seva. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga mauzo kwenye maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Waliokwisha kununua waliachiwa nafasi ya kupakua tena, bila kuahidiwa kwamba itakuwapo daima.