Fundi Aliyeipa Piano Nyundo

Kila Jumapili hapa Lucky Summer husikia vinanda vya makanisani, nami mtoto wa pwani niliyekulia kwenye udi humkumbuka mtu mmoja wa Italia, Bartolomeo Cristofori.

Alizaliwa Padua mwaka 1655. Mwaka 1688 Ferdinando de' Medici, mrithi wa utawala wa Toscana, alimwajiri Florence kutengeneza na kutunza vinanda vyake. Katika vinanda vya siku hizo, ukibonyeza kibao, unyoya hukwanyua uzi, mfano wa risha yetu ya udi. Lakini mpiga udi ana hiari ya mkono mzito au mwepesi. Mpiga kinanda hakuwa nayo. Abonyeze kwa hasira, abonyeze kwa huba, sauti ilikuwa ile ile.

Cristofori akauondoa unyoya, akaweka nyundo ndogo zilizovikwa ngozi. Nyundo hurushwa, hugonga uzi, kisha hurudi papo hapo, uzi ukabaki ukilia. Kufikia mwaka 1700 chombo hicho kilikuwa kimekwisha kuundwa. Ndiyo piano.

Nyundo zilitaka nyuzi nene zilizokazwa zaidi, na mkazo huo ungeliutesa ubao wa sauti. Fundi akatia ukuta wa pili ndani ya sanduku: wa nje ubebe mkazo, wa ndani ushike ubao, nao utetemeke kwa raha.

Alifariki mwaka 1731. Piano zake tatu zimesalia: ya 1720 iko New York, ya 1722 Roma, ya 1726 Leipzig. Ile ya New York yapigika, lakini imepita mikononi mwa warekebishaji wengi. Mwaka 1938 ubao wake wa sauti ulibadilishwa. Waisikiao leo wanasikia kazi ya Cristofori na ya waliomfuata, wala hakuna wa kuzitenganisha.

Ndugu msomaji, jambo hili si la Wataliani peke yao. Gambusi letu la Mwambao limewambwa ngozi usoni, ndiyo maana sauti yake ni kavu na ya karibu. Libandue ngozi, lipigilie ubao, umepata chombo kingine. Basi uliyerithi gambusi la babu, usimwambie fundi alifanye jipya. Muulize kwanza anataka kuondoa nini. Umbo huchongwa tena; sauti ikishatupwa na taka za karakana, haiokotwi.