Tembo alimuua, tembo halikumuua

Katika lugha yetu neno tembo lina maana mbili: mnyama mwenye mkonga, na ulevi ugemwao mnazini. Kinachozitenga ni upatanisho wa kisarufi tu. Tembo amemuua ni habari ya porini; tembo limemuua ni habari ya kilabuni. Kila nifundishapo jambo hili humkumbuka George Hurst.

Hurst na nduguye Charles walikuwa walowezi katika koloni la Kenya. Mwaka 1922 walishiriki kuanzisha kampuni ya bia huko Ruaraka, Nairobi, na mwezi Desemba kreti kumi za kwanza zikapelekwa katika hoteli ya Stanley. Mwaka 1923 George alikwenda kuwinda, na ndovu akamuua. Wenziwe wakaiita bia yao Tusker, yaani ndovu mwenye pembe kubwa, na sura ya mnyama huyo ikawa alama yake. Basi muuaji akapata umaarufu, na marehemu akasahauliwa. Aidha, Hurst hakuwahi kusikia hukumu ya wenyeji juu ya kazi yake, maana Waafrika hawakuruhusiwa kununua bia ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Leo bia hiyo huhesabiwa kuwa ni ya Wakenya wote.

La ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1923, huko Ubelgiji, bia ya ukoo wa Moortgat, iliyokuwa imepewa jina la kuadhimisha ushindi wa Vita vya Kwanza, ilibadilishwa jina ikaitwa Duvel, yaani shetani. Baharia mmoja aliniletea chupa yake Likoni. Kilevi chake ni asilimia 8.5, zaidi ya maradufu ya Tusker yenye 4.2, na huchachuka mara ya pili ndani ya chupa.

Nilimwalika mzee mmoja mgema tuionje. Mimi, pamoja na shahada zangu, niliambulia maneno mawili: tamu na chungu. Mzee hakuitazama lebo. Alilisubiri povu jeupe litulie, akanusa, akapiga funda moja, akanyamaza. Kisha akanieleza kwamba harufu yake ni ya matunda yaliyoiva, kwamba utamu hutangulia na uchungu hufuata, na kwamba ulimi haubaki na kitu cha kunata. Akaniita mwanangu, akanionya kuwa kinywaji hiki huingia kwa adabu na kuaga kwa kumkata mtu miguu. Ndivyo alivyozoea kulipima tembo la asubuhi, la jioni na lililolala.

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maana yake, naona, ni kwamba kuonja kwa haki ni wajibu wa mnywaji kwa mtengenezaji. Sisi leo tumebaki na sifa za matangazo: baridi, na yetu. Si lazima mtu anywe ili aelewe hasara hiyo. Jirani zangu wengi hawanywi, nami nawaheshimu. Lakini ujuzi wa ulimi huishi katika maneno, na wenye maneno hayo ni wazee wapandao minazi. Hurst hakupata wa kumwambia ukweli. Wagema wetu wanao ukweli huo, ila hatuwaulizi. Mimi nimeanza kuuliza, daftari mkononi.